Gari halikuteleza, uliliacha

Miongoni mwa methali tunazozikimbilia pindi maafa yanapotokea barabarani, hapana inayotajwa mara nyingi kama "ajali haina kinga". Hutajwa matangani, hutajwa katika kituo cha polisi, na hutajwa na dereva aliyesimama kando ya gari lililobondeka huku akijipangusa jasho. Nami kwa miaka mingi nimekuwa nikiifundisha bila ya kuitilia shaka, nikiieleza kuwa ni faraja kwa waliofikwa na jambo lisiloepukika. Imani yangu juu ya matumizi ya methali hiyo iliyumba alasiri moja katika mwinuko wa Likoni, nikiwa nyuma ya usukani wa gari la otomatiki.

Tulikuwa tumevuka kutoka kisiwani Mombasa kwa feri, wenzangu wanne nami, tukielekea Kwale kwenye semina ya walimu wa Kiswahili. Buti lilikuwa limejaa maboksi ya vitabu. Wanaokijua kivuko cha Likoni wanafahamu kwamba mteremko wa pale gatini hubadilika kulingana na maji ya bahari. Maji yanapojaa, feri huinuka na magari hutoka bila taabu kubwa. Maji yanapokupwa, hasa wakati wa bamvua, feri hushuka na magari hulazimika kuukwea mwinuko mkali kabla ya kuifikia barabara. Siku hiyo maji yalikuwa yamekupwa. Tukaanza kuukwea mwinuko kwa mwendo wa kinyonga, msururu ukasimama, nami nikasimama, mguu wangu ukiwa juu ya breki na gia ikiwa kwenye herufi D.

Nyuma yetu palikuwa na mkokoteni uliosheheni magunia ya viazi. Hamali mmoja alikuwa mbele akiuvuta, yaani baina ya kishikio cha mkokoteni na buti la gari langu. Mwenzake alikuwa nyuma akiusukuma.

Gari lililotutangulia liliposogea, nilifanya kama nilivyozoea kufanya kila siku mjini. Niliuondoa mguu kwenye breki nikaupeleka kwenye kanyagio la mafuta, tena bila ya haraka. Gari halikwenda mbele. Lilirudi nyuma. Nikasikia ukelele, nikaikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, na papo hapo nikasikia kishindo.

Namshukuru Mola kwamba hamali yule alikuwa mwepesi. Alijitupa kando mara tu alipoliona gari linamjia. Kishikio cha mkokoteni kiligonga buti, magunia mawili yakaporomoka, viazi vikatapakaa njiani. Yeye mwenyewe alichubuka muundi tu. Lau angalichelewa kidogo, angalibanwa baina ya gari langu na shehena yake, na leo ningalikuwa naandika makala ya aina nyingine, au nisingalikuwa na uso wa kuandika chochote.

Nilishuka mbio. "Samahani sana, ndugu yangu," nikamwambia, "gari limeteleza."

Alinitazama bila ya hasira. "Halikuteleza, bosi," akanijibu. "Uliliacha." Kisha akanielekeza kwa kidole. Nyuma ya gurudumu la mkokoteni palikuwa na jiwe ambalo mwenzake alikuwa ameliweka tangu msururu uliposimama. "Sisi tukisimama mlimani tunaweka jiwe kwanza. Ndipo tunapumua."

Nilimlipa thamani ya viazi vilivyopondeka na gharama ya dawa, tukaagana kwa wema. Hata hivyo, maneno yake sikuweza kuyaacha pale gatini. Mimi ambaye riziki yangu ni kuchambua sentensi nilikuwa nimesahihishwa kitenzi na mtu aliyekuwa akivuja damu kwa kosa langu.

Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kunisaidia kuulinganisha usemi wangu na wake. Katika "gari limeteleza", kiima ni gari. Li- ni kiambishi cha ngeli ya LI-YA, na hapana mahali popote katika kitenzi hicho ambapo dereva anaonekana. Gari limefanya lake, dereva hayumo. Sasa tuliangalie neno la hamali: u-li-li-ach-a. U- ni kiambishi cha nafsi ya pili umoja, mtendaji. -Li- ya kwanza ni ya wakati uliopita. -Li- ya pili inasimama mahali pa gari, mtendwa. -Ach- ni mzizi, na -a ni kiishio. Gari lilelile ambalo katika sentensi yangu lilikuwa kiima, katika neno lake limekuwa shamirisho, na kiti cha kiima amekalishwa anayestahiki kukikalia.

Ni vyema tukubali kwamba lugha yetu ya ajali imejaa vitenzi vya aina niliyoitumia mimi. Husemwa kwamba gari lilipoteza mwelekeo, kana kwamba lilikuwa na mwelekeo wake binafsi. Husemwa kwamba breki zilikataa, kana kwamba ziliombwa zikagoma. Husemwa kwamba gari lilimshinda dereva. Sisemi kwamba semi hizi si Kiswahili. Ni Kiswahili safi, na pengine hueleza ukweli, kwa kuwa breki huweza kweli kuharibika. Ninachosema ni kwamba aghalabu huzitumia kabla ya kuuliza ni nani aliyekuwa akishika nini, na swali hilo lisipoulizwa, kosa halifundishiki. Huwezi kulifunza gari lisiteleze. Unaweza kumfunza dereva asiliache.

Basi na tuulize: kwa nini gari la otomatiki lirudi nyuma ilhali gia imetiwa na injini inanguruma?

Kwanza tulitazame jina. Neno "otomatiki" limetufikia kwa njia ya Kiingereza, na shina lake ni la Kigiriki, ambako lilimaanisha kitu kinachotenda kwa nafsi yake. Sisi nasi tumelipa maelezo yanayofanana na hayo tunaposema kwamba gari hilo "linajibadilisha gia". Kiambishi -ji- ni kirejeshi, humrudishia mtenda tendo lake. Mfano wa "anajisomea" na "anajilisha", "linajibadilisha" humfanya msikilizaji aamini kwamba kuna nafsi inayojishughulikia. Kumbe kinachojibadilisha ni gia pekee. Gari halijizuii mlimani, halijui kwamba nyuma yake kuna mtu, wala halijui kwamba leo limebeba watu watano.

Pili, tufahamu kilichoondolewa gari hilo lilipoundwa. Katika gari la klachi, kuondoka mlimani ulikuwa mtihani uliowatoa jasho wanagenzi wote. Ulivuta breki ya mkono, ambayo mafundi huiita hendibreki. Ulitia gia ya kwanza, ukakanyaga mafuta kiasi, ukaiachilia klachi polepole mpaka mngurumo wa injini ukabadilika na pua ya gari ikainuka. Hapo tu ndipo ulipoiteremsha breki ya mkono. Ukikosea, injini ilizimika, na magari ya nyuma yakakupigia honi hadi ukatamani ardhi ikumeze. Gari la klachi lilikuwa mwalimu mkali, lakini kosa lililiadhibu pale pale.

Gari la otomatiki la kawaida halina kanyagio la klachi. Baina ya injini na gia boksi pana kifaa cha mviringo mfano wa chungu cha chuma, kilichojaa mafuta maalumu. Asili yake ni uvumbuzi wa Mjerumani aitwaye Hermann Föttinger, aliyepata hataza yake mwaka wa 1905, na alikusudia kitumike katika meli. Magari yalikuja kufuata baadaye: kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza magari ya Oldsmobile yenye gia za otomatiki mwishoni mwa miaka ya 1930, yakiwa ya toleo la mwaka wa 1940.

Ili kukielewa kifaa hicho, chukua mapangaboi mawili uyaweke yakitazamana, kisha uwashe moja tu. Upepo wa hilo ulilowasha utalizungusha lile jingine, ijapokuwa halikuunganishwa na umeme. Sasa badala ya upepo weka mafuta, na yote mawili uyafungie ndani ya chungu kimoja. Pangaboi la kwanza huzungushwa na injini. La pili huzungusha gia na hatimaye magurudumu. Hakuna chuma kilichoshikana na chuma baina yake, ni mafuta tu yanayosukuma. Ndiyo sababu unaweza kusimama kwenye taa za barabarani, gia ikiwa katika D, na injini isizimike: pangaboi la kwanza linazunguka, la pili limezuiwa na mguu wako ulio juu ya breki.

Ukiuondoa mguu huo barabara ikiwa tambarare, gari huanza kutambaa mbele polepole hata kabla hujakanyaga mafuta. Msukumo huo mdogo ndio unaotuponza. Katika mwinuko wa wastani, huweza kutoshana na uzito unaolivuta gari chini, kwa hivyo gari husimama tuli kana kwamba limeshikwa. Dereva akiliona hivyo mara kumi, ishirini, huamini kwamba gari la otomatiki halirudi nyuma. Kwa hakika hakushikwa na breki yoyote. Ameshikwa na upepo wa pangaboi.

Mwalimu wa fizikia ataniwia radhi nikipiga hesabu nyepesi. Tuchukue mwinuko unaopanda mita moja kwa kila mita kumi za njia. Katika mwinuko huo, takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa gari hulivuta kurudi nyuma. Gari la kilo 1,200 litavutwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 120. Pakia abiria wanne na vitabu, uongeze kilo 300, na mvuto huo utakuwa wa kilo 150. Mwinuko haukubadilika, wala msukumo wa injini isiyokanyagiwa mafuta haukubadilika. Kilichobadilika ni mzigo. Nilikuwa nimewahi kusimama katika mwinuko uleule nikiwa peke yangu, gari likatulia. Siku niliyobeba wenzangu na vitabu vyao, mizani iliinama upande wa pili.

Hesabu ya masafa inatisha zaidi. Gari lisiloshikiwa na chochote katika mwinuko huo hurudi nyuma karibu nusu mita katika sekunde ya kwanza, na kufikia mwisho wa sekunde ya pili huwa limerudi karibu mita mbili. Msukumo wa injini hupunguza masafa hayo, lakini haupunguzi kitu katika kichwa cha dereva aliyepigwa na butwaa, ambaye mguu wake uko angani baina ya makanyagio mawili na hajui aushushe wapi. Kuna waliowahi, katika hali hiyo, kukanyaga mafuta kwa kishindo na kulivamia gari lililo mbele yao.

Yafaa basi niieleze njia, kama nilivyojifunza upya baada ya aibu ile. Ukisimama mlimani, kanyaga breki ya mguu hadi gari litulie kabisa. Vuta breki ya mkono. Hakikisha kwamba gia iko katika D. Penye mwinuko mkali zaidi tumia gia ya chini, ambayo katika magari mengi huandikwa L au 2. Wakati wa kuondoka ukifika, tazama vioo ujue ni nani aliye nyuma yako. Hamisha mguu wa kulia kutoka breki hadi kwenye mafuta, nawe utakuwa na wasaa, maana gari limeshikwa na breki ya mkono. Kanyaga mafuta kidogo kidogo mpaka usikie gari likitaka kwenda, sehemu yake ya nyuma ikididimia kidogo kama ng'ombe anayejiandaa kuvuta plau. Hapo iachilie breki ya mkono taratibu, huku ukiongeza mafuta. Gari litaondoka bila ya kurudi hata upana wa kidole. Mguu wa kushoto hauna kazi katika haya yote, labda gari lako liwe la aina nitakayoitaja.

Magari kadhaa ya Kijapani hayana mti wa breki ya mkono. Yana kanyagio dogo upande wa kushoto kabisa, linalokanyagwa kwa mguu wa kushoto ili kufunga, na katika mengi ya hayo hukanyagwa tena ili kufungua. Mengine ya karibuni yana kitufe tu. Tena yapo yaliyowekewa mtambo wa kuzishikilia breki kwa muda wa sekunde mbili hivi baada ya mguu kuondoka, ili dereva apate fursa ya kukanyaga mafuta. Ni msaada mzuri, lakini asiyejua kama gari lake linao au halinao asiutegemee. Sekunde mbili hizo zikipita, mlima hurejea kudai haki yake.

Yako pia mazoea mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kulizuia gari mlimani kwa kukanyaga mafuta nusunusu, likawa haliendi mbele wala halirudi nyuma. Dereva hujiona stadi, kumbe mafuta yaliyo ndani ya kile chungu yanakorogwa bure na kupata joto, na joto ndilo adui mkubwa wa gia boksi. La pili ni kuegesha gari mlimani kwa kutia P peke yake. Katika P, gari hushikwa na ulimi mdogo wa chuma ulioingia katika jino la gia. Ulimi huo haukuumbwa ubebe uzito wa gari zima siku nenda siku rudi. Funga breki ya mkono kwanza, acha gari liiegemee, ndipo utie P. Na kama pana ukingo wa barabara na gari limeelekea juu, zungusha usukani kuelekea katikati ya barabara, ili likirudi nyuma gurudumu la mbele lijigotie ukingoni. Huko ndiko kuweka jiwe.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mimi, niliyejifunza udereva katika gari la klachi na kuupita mtihani wa mlimani, niliusahau utaratibu wote huu mara tu nilipolipata gari la otomatiki. Jibu ni kwamba nilikuwa nimekariri, sikuwa nimeelewa. Niliambiwa: vuta, tia, kanyaga, achilia. Nilivifuata vitendo hivyo kama mwanafunzi anavyoifuata fomyula. Klachi ilipoondoka, nilidhani mpangilio wote umeondoka pamoja nayo, kwa sababu sikuwahi kuelezwa kwamba breki ya mkono haikuwepo kwa ajili ya klachi. Ilikuwepo kwa ajili ya mlima.

Wale waliopitia shule za udereva nchini watakumbuka ule ubao wa mji wa mfano, wenye barabara zilizochorwa na mizunguko, ambao mtahiniwa huamriwa kukiendesha kigari cha kuchezea juu yake kwa mkono. Una manufaa yake katika kufunza haki za njia. Walakini ubao huo ni tambarare. Kigari ukikiachilia, kitakaa pale pale ulipokiacha hata kesho. Leseni za siku hizi zina daraja la B1 kwa anayeendesha gari dogo la otomatiki, na huenda kijana akaipata leseni hiyo asiwahi kugusa klachi maishani mwake. Sioni ubaya wowote hapo. Ubaya utakuwa pale ambapo gari lisilomwadhibu kwa kuzimika litamficha ujinga wake mpaka siku atakapokutana na mlima wa kweli, amebeba watu, na nyuma yake pana mtu mwingine.

Suala la lugha nalo lina nafasi yake. Magari mengi tunayoyanunua ni mitumba kutoka Japani, na kanuni zetu haziruhusu kuingizwa yaliyozidi umri wa miaka 8. Kitabu cha maelezo, kikiwa bado kimo garini, huwa cha Kijapani. Gari langu lenyewe huniamkia kwa Kijapani kila asubuhi ninapoliwasha, nami humwitikia bibi huyo kwa adabu nisijue amesema nini. Kwa hivyo elimu ya gari hupokezanwa kwa mdomo, kutoka kwa muuzaji hadi kwa mnunuzi, kutoka kwa fundi hadi kwa jirani, nayo hufupishwa kila inapopita: "Tia D, kanyaga mafuta, basi." Maneno hayo yatoshea mji ulio tambarare. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika ibara ya 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Cheo hicho kitakuwa na maana kwa umma siku mambo yanayogusa uhai wao, kama hili la breki mlimani, yatakapoelezwa kwa Kiswahili kinachotaja sababu na si amri peke yake.

Siwezi kuitaja Likoni bila ya kukumbuka tarehe 29 Septemba 2019. Siku hiyo gari lililokuwa ndani ya feri ya MV Harambee lilirudi nyuma, likatoka kwenye feri na kuzama katika mkondo wa Likoni. Ndani yake mlikuwa na mama na binti yake wa miaka minne. Gari na miili yao havikutolewa baharini hadi tarehe 11 Oktoba. Yaliyojiri ndani ya gari lile hapana aliyebaki kuyasimulia, wala safu hii haina mamlaka ya kumhukumu aliyetangulia mbele ya haki. Walakini sisi tulio hai, ambao bado tunaingia na kutoka katika feri zile, tuna wajibu wa kutosema "ajali haina kinga" kabla hatujatumia kinga iliyomo mikononi mwetu. Methali ile ilitungwa kuwaliwaza waliofanya yote wawezayo. Haikutungwa iwe badala ya breki ya mkono.

Walimu wenzangu, mada hii si ya wenye magari pekee. Mwalimu wa fizikia anayefundisha nguvu na mteremko anao mfano usiohitaji maabara: kipande cha ubao, kigari cha kuchezea na mawe madogo ya kukipakia. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha kiima na shamirisho anaweza kuwapa wanafunzi habari ya ajali kutoka gazetini, awaambie wamtafute mtenda katika kila sentensi, na pale asipoonekana wajadili kama hayupo kweli au amefichwa. Nanyi wanafunzi, ambao baadhi yenu mtashika usukani miaka michache ijayo, mkiambiwa "fanya hivi" ulizeni sababu yake, maana gari mtakalojifunzia silo mtakalolinunua.

Nimepita Likoni mara kadhaa tangu siku ile. Wenzangu huniona nikivuta breki ya mkono katika ule mwinuko nao hucheka. "Daktari, si hili ni otomatiki?" huniuliza. Huwaambia kwamba ni otomatiki, ndiyo, kisha hukitazama kioo nione kama pana mkokoteni nyuma yetu.